Kompyuta Kuukuu Inapokwama Hatua ya Mwisho: Jinsi ya Kurekebisha Butiloda Bila Kupoteza Faili

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Tangu hapo, kompyuta nyingi zilizo mikononi mwa wakazi zimebaki njia panda. Haziwezi kupandishwa hadi Windows 11 kwa sababu mfumo huo unadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 pamoja na prosesa za miaka ya karibuni, na kununua mashine mpya si jambo la kila mfuko. Upo mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani, uliotangazwa kufika 13 Oktoba 2026, lakini huo ni wa kusogeza siku mbele tu.

Ndiyo sababu shule, vikundi vya akiba, wenye maduka ya saiba na familia za kawaida wanahamia mifumo endeshi ya Linux kama Ubuntu, Linux Mint na Debian, ambayo hupatikana bila malipo na hufanya kazi vizuri kwenye mashine za miaka kumi au zaidi. Kazi ya kusakinisha huenda sawa kwa muda, mstari unaoonyesha maendeleo hukaribia mwisho, halafu skrini inatoa ujumbe wa Kiingereza kwamba imeshindikana kusakinisha GRUB. Kompyuta ikizimwa na kuwashwa tena, inabaki na skrini nyeusi.

Wengi hufikiri mashine imekufa. Mara nyingi haijafa. Hatari iko katika kile kinachofuata, pale mtu anaposhauriwa kufuta diski nzima aanze upya ilhali ndani mna hesabu za chama za miaka minne, alama za wanafunzi au nakala za hatimiliki zilizoskaniwa. Ushauri wa "fomati tu" ni rahisi kwa anayeutoa, kwa kuwa faili si zake.

Kinachotokea kitufe cha kuwasha kinapobonyezwa

Kompyuta inapowashwa, mfumo endeshi hauamki wenyewe. Kwanza huamka programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye chipu ya ubao mama. Programu hiyo hukagua kumbukumbu, kibodi na diski, kisha hutafuta programu nyingine ndani ya diski ambayo kazi yake ni moja tu, nayo ni kuuamsha mfumo endeshi. Hiyo ndiyo butiloda. Kwenye Linux, butiloda inayotumika zaidi inaitwa GRUB.

Ugumu wote unatokana na jambo moja. Programu ya ubao mama ni za aina mbili, na kila aina hutafuta butiloda mahali tofauti.

Aina ya zamani ni BIOS. Haijui folda wala faili. Inachojua ni kusoma baiti 512 za mwanzo kabisa wa diski na kutekeleza kilichomo. Katika baiti hizo 512, ni 446 tu zinazoweza kubeba maagizo. Baiti 64 zinazofuata huhifadhi jedwali la sehemu za diski, na mbili za mwisho ni alama ya kuthibitisha. Programu kamili ya kuwasha mfumo haiwezi kuenea hapo, kwa hiyo GRUB hugawanywa. Kipande kidogo hukaa katika baiti hizo 446, na kipande kikubwa zaidi hujificha katika nafasi tupu iliyo kabla ya sehemu ya kwanza ya diski.

Aina mpya ni UEFI. Hii inaweza kusoma folda na faili, mradi ziwe katika sehemu maalumu ya diski iliyofomatiwa kwa mtindo wa FAT, inayoitwa sehemu ya EFI. Ndani yake butiloda ni faili ya kawaida. UEFI pia huweka orodha ya majina kwenye chipu ya ubao mama, ikieleza ni faili ipi ianze kutafutwa.

Diski nayo ina mitindo miwili ya kupangwa. Mtindo wa MBR ndio wa zamani. Hauwezi kuhudumia diski inayozidi terabaiti 2 na hukubali sehemu kuu nne tu. Mtindo wa GPT ndio mpya. Kwa kawaida BIOS huenda na MBR, na UEFI huenda na GPT.

Kompyuta zilizotengenezwa kati ya takriban 2010 na 2015 ndizo zinazowasumbua watu zaidi, kwa kuwa nyingi zina uwezo wa njia zote mbili. Mashine hiyohiyo inaweza kuwaka kwa BIOS leo na kwa UEFI kesho, kutegemea kilichochaguliwa kwenye menyu. Mtu akiwasha flashi ya kusakinishia kwa njia moja, na diski ikawa imepangwa kwa njia ya pili, kisakinishi hufanya kazi yake yote vizuri hadi kifike kwenye butiloda. Hapo hakijui pa kuiweka.

Kabla ya chochote, faili

Flashi ileile ya kusakinishia ina njia ya kuutumia mfumo bila kugusa diski. Kwenye Ubuntu njia hiyo huandikwa "Try Ubuntu", na Linux Mint hufunguka moja kwa moja katika hali hiyo. Mwenye kompyuta akifika hapo, afungue kidhibiti cha faili, atafute diski ya ndani na anakili nyaraka zake kwenye diski ya nje au flashi nyingine. Hilo linawezekana hata kama kompyuta haiwaki kabisa kwa njia ya kawaida, kwa sababu kuharibika kwa butiloda hakugusi faili zilizo ndani. Nyaraka ziko palepale zilipokuwa.

Kuna vizuizi viwili vinavyoweza kujitokeza. Cha kwanza ni ujumbe kwamba Windows imelala na diski yake haiwezi kufunguliwa kwa kuandikwa. Windows 10 haizimiki kabisa inapobonyezwa "Shut down". Huhifadhi sehemu ya kumbukumbu ili iwake haraka. Kama bado Windows inafunguka, dawa ni kushikilia kitufe cha Shift wakati wa kubonyeza "Shut down". Kama haifunguki, faili bado zinaweza kufunguliwa kwa kusomwa tu, na hilo linatosha kunakili.

Cha pili ni kizito zaidi. Baadhi ya kompyuta, hasa zilizowahi kutumiwa na kampuni kabla ya kuuzwa kama mitumba, zina diski iliyosimbwa kwa BitLocker. Kubadilisha mipangilio ya ubao mama kunaweza kuifanya Windows idai ufunguo wa dharura wa tarakimu 48. Asiye na ufunguo huo hawezi kuzipata faili zake, na hakuna fundi wa mtaani anayeweza kuufungua mlango huo. Kwa hiyo ni busara kuangalia mapema, Windows ikiwa bado inafanya kazi, na kuandika tarakimu hizo kwenye karatasi. Kwa watumiaji wa nyumbani, ufunguo mara nyingi huwa umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft iliyotumiwa kuingia kwenye kompyuta hiyo.

Kujua mashine imewaka kwa njia ipi

Kipimo ni cha sekunde chache. Flashi ikiwa imefungua mfumo wa majaribio, mtumiaji afungue dirisha la amri na kuandika:

ls /sys/firmware/efi

Orodha ya majina ikitokea, mashine imewaka kwa UEFI. Ukitokea ujumbe kwamba folda haipo, imewaka kwa BIOS. Baada ya hapo aandike:

sudo parted -l

Amri hii huonyesha kila diski na mtindo wake. Mbele ya maneno "Partition Table" patasomeka "msdos", yaani MBR, au "gpt". Majibu haya mawili yakilinganishwa, sababu ya kosa mara nyingi hujitokeza papo hapo.

Kama diski ni ya GPT yenye sehemu ya EFI na mashine imewaka kwa BIOS, hakuna haja ya kufuta kitu. Inatosha kuzima, kuwasha upya na kufungua menyu ya kuchagua chombo cha kuwashia. Kwenye Dell na Lenovo nyingi ni kitufe cha F12, na kwenye HP ni Esc kisha F9. Flashi moja inaweza kuonekana mara mbili kwenye orodha hiyo, mara moja ikiwa na neno "UEFI" mbele yake na mara nyingine bila neno hilo. Hapo ndipo watu wengi hukosea bila kujua, kwa kuwa majina yote mawili hufungua kisakinishi kinachofanana kabisa kwa macho. Anayetaka UEFI achague lenye neno hilo. Anayetaka BIOS achague lingine.

Kama flashi inaonekana kwa njia moja tu, yawezekana ilitengenezwa hivyo. Programu ya Rufus, ambayo wengi huitumia kutengenezea flashi kwenye Windows, huuliza kama flashi iwe ya MBR au GPT. Iliyotengenezwa kwa GPT huenda isiwake kabisa kwenye mashine ya BIOS.

Ujumbe wenyewe unasema nini

Kosa linalojulikana zaidi husema "Executing 'grub-install /dev/sda' failed. This is a fatal error." Neno "fatal" linatisha, lakini maana yake hapa ni kwamba kisakinishi kimeshindwa kuendelea. Halisemi lolote kuhusu afya ya kompyuta. Sababu halisi huwa imeandikwa mistari michache juu yake, au hujitokeza amri hiyo ikirudiwa kwa mkono kwenye dirisha la amri. Ni muhimu kuupiga picha ujumbe wote kwa simu kabla ya kubonyeza "OK", kwa sababu fundi akipewa maelezo ya "imekataa tu" hana pa kuanzia.

Mistari ikisema kwamba diski ya GPT haina "BIOS Boot Partition", maana yake mashine inawaka kwa BIOS lakini diski imepangwa kwa mtindo mpya. GPT haiachi ile nafasi tupu ambamo GRUB huweka kipande chake kikubwa. Tiba ni kutengeneza sehemu ndogo ya megabaiti 1 isiyofomatiwa, kisha kuiwekea alama ya "bios_grub" kwa kutumia programu ya GParted iliyo kwenye flashi nyingi za Linux. Megabaiti moja tu, na usakinishaji ukirudiwa unapita. Kupunguza sehemu nyingine ili kupata nafasi hiyo kunawezekana bila kufuta data, ingawa hakuna anayepaswa kugusa sehemu za diski kabla ya kunakili faili.

Mistari ikisema "embedding area is unusually small", hiyo ni alama ya diski ya kale hasa. Diski zilizogawanywa enzi za Windows XP zilianza sehemu ya kwanza kwenye sekta ya 63. Kati ya mwanzo wa diski na hapo palibaki sekta 62, ambazo ni baiti 31,744. Kwa GRUB ya zamani nafasi hiyo ilitosha. Ya sasa inaweza kuizidi, hasa diski ikiwa imesimbwa au imepangwa kwa njia changamani. Vifaa vya kugawanya diski vya leo huanza sekta ya 2048, na hivyo kuacha karibu megabaiti nzima. Hapa suluhisho safi ni kugawanya diski upya, na ni mojawapo ya mahali pachache ambapo ushauri wa kufuta una msingi, mradi faili ziwe zimeshahamishwa.

Kwa upande wa UEFI, ujumbe "cannot find EFI directory" unamaanisha sehemu ya EFI haipo, au ipo lakini kisakinishi hakikuelekezwa kuitumia. Anayegawanya diski kwa mkono husahau hatua hii mara nyingi. Sehemu hiyo iwe ya FAT32. Megabaiti 100 ambazo Windows huziweka hutosha kwa GRUB, ingawa anayeanza upya ni vyema aweke 300 hadi 500. Kama kompyuta itabaki na Windows na Linux kwa pamoja, sehemu ya EFI iliyopo itumiwe na mifumo yote miwili. Isifomatiwe. Akiifomati, Windows nayo haitawaka tena.

Ujumbe "EFI variables are not supported on this system" ni yaleyale yaliyoelezwa hapo juu. Mtu anajaribu kuweka butiloda ya UEFI akiwa amewasha flashi kwa BIOS. Arudi kwenye menyu na kuchagua jina lingine.

Kompyuta inayowaka flashi ikiwepo tu

Hili linastahili kutajwa peke yake, kwa sababu huwapotezea watu siku nzima. Usakinishaji unamalizika bila kosa lolote. Kompyuta inawaka vizuri. Siku ya pili mwenyewe anachomoa flashi kwenda kuitumia kwingine, na kompyuta inakataa, ikisema hakuna chombo cha kuwashia. Akirudisha flashi, inawaka.

Kilichotokea ni kwamba butiloda iliwekwa ndani ya flashi badala ya diski ya ndani. Linux huzipa diski majina kama sda na sdb kwa kufuata mpangilio zilivyogunduliwa, na mpangilio huo hutofautiana. Kwenye baadhi ya mashine flashi ndiyo hupata jina la sda, na diski ya ndani ikawa sdb. Anayekubali chaguo la "/dev/sda" bila kuangalia huandika butiloda mahali pasipofaa. Amri ya lsblk huonyesha ukubwa wa kila diski, na hapo hakuna cha kubahatisha: yenye gigabaiti 16 ni flashi, yenye 320 au 500 ni diski ya ndani.

Kwenye mashine za UEFI zenye diski mbili kuna mtego unaofanana. Kisakinishi cha zamani cha Ubuntu kilijulikana kwa kuweka butiloda kwenye sehemu ya EFI ya diski ya kwanza hata pale mtumiaji alipochagua diski ya pili. Njia ya uhakika ni ya kimkono: chomoa diski zote zisizohusika kabla ya kusakinisha.

Kurekebisha si kazi ya kuanza upya. Mashine iwashwe kwa flashi ya Linux kwa njia ileile ambayo mfumo ulisakinishwa. Kwa mashine ya BIOS, kama sehemu yenye Linux ni sdb2 na diski ni sdb, amri ni mbili:

sudo mount /dev/sdb2 /mnt
sudo grub-install --boot-directory=/mnt/boot /dev/sdb

Namba zibadilishwe kulingana na lsblk ilivyoonyesha. Jina la mwisho ni la diski nzima, halina namba ya sehemu. Kwa mashine ya UEFI hatua ni nyingi zaidi, na mtu asiyezoea dirisha la amri atafaidika na programu ya Boot Repair, ambayo imo tayari kwenye flashi ya Linux Mint. Ikifunguliwa, hutoa kitufe kimoja cha marekebisho yanayopendekezwa, na mara nyingi hicho kinatosha.

Mashine zinazojifanya hazioni

Kuna kompyuta za UEFI, hasa miongoni mwa zile za mwanzo, ambazo programu yake ya ubao mama ina kasoro. Usakinishaji hukamilika, jina la Linux huandikwa kwenye orodha, lakini mashine ikiwashwa hulipuuza jina hilo na kuangalia mahali pawili tu: faili ya Windows, na faili ya akiba iliyo katika folda ya EFI/BOOT yenye jina BOOTX64.EFI. Baadhi ya vipakatalishi vya HP vina tabia hii. Tiba ni kuiweka GRUB mahali hapo pa akiba. Ndani ya mfumo uliofunguliwa, amri ni:

sudo grub-install --target=x86_64-efi --removable

Neno "removable" linaiambia GRUB ijiweke kama ambavyo ingejiweka kwenye flashi, bila kutegemea orodha ya majina. Kabla ya hapo inafaa kuingia kwenye mipangilio ya ubao mama na kuangalia kama upo uwezo wa kupanga orodha hiyo kwa mkono. Baadhi ya mashine zinaruhusu, na kazi inaishia hapo.

Ipo pia hali ya orodha kujaa. Chipu inayoihifadhi ni ndogo, na kompyuta iliyowekewa mifumo mingi kwa miaka inaweza kutoa ujumbe wa "No space left on device" ilhali diski ina nafasi tele. Nafasi iliyoisha ni ya kwenye chipu. Amri ya efibootmgr huonyesha majina ya zamani, na yale yasiyotumika yanaweza kuondolewa moja moja. Faili za ndani ya folda ya efivars zisifutwe ovyo. Kuna vipakatalishi ambavyo vimewahi kufa moja kwa moja kwa sababu mtu alifuta folda hiyo yote, na hilo si kosa la kurekebishwa kwa flashi.

Ulinzi wa Secure Boot nao huleta utata wake. Kazi yake ni kuhakikisha butiloda ina sahihi inayotambulika. Ubuntu, Linux Mint na Debian za sasa zina sahihi hiyo, kwa hiyo si lazima kuuzima. Lakini flashi ya zamani inaweza kukataliwa. Mnamo Agosti 2024 sasisho la Windows lilizifungia butiloda za zamani za Linux, na watu waliokuwa na mifumo miwili kwenye kompyuta moja wakajikuta wakiona ujumbe wa "SBAT self-check failed". Anayekutana na ujumbe huo ajaribu kwanza kutengeneza flashi kwa toleo jipya la mfumo. Kuzima Secure Boot kwa muda pia hufanya kazi, lakini hapo ndipo ile tahadhari ya BitLocker inapohusika.

Neno "grub rescue" kwenye skrini nyeusi

Hali nyingine inayowaogofya watu ni kompyuta iliyokuwa ikifanya kazi, halafu asubuhi moja inaonyesha "error: no such partition" na chini yake "grub rescue>". Mara nyingi ni kwa sababu mtu alifuta au kupanga upya sehemu za diski akiwa ndani ya Windows. Kipande kidogo cha GRUB bado kipo, lakini kikienda kutafuta kipande kingine hakikikuti mahali kilipokiacha.

Kwenye skrini hiyo, neno ls huorodhesha sehemu zilizopo, kwa mfano (hd0,msdos1) na (hd0,msdos5). Kila moja hukaguliwa kwa kuandika ls (hd0,msdos5)/boot/grub hadi ipatikane ile inayotoa orodha ya faili badala ya kosa. Ikishapatikana, mistari hii minne huandikwa mmoja baada ya mwingine:

set root=(hd0,msdos5)
set prefix=(hd0,msdos5)/boot/grub
insmod normal
normal

Menyu ya kawaida hurudi na mfumo hufunguka. Huo ni wokovu wa mara moja tu. Mara baada ya kuingia, mtumiaji aandike sudo update-grub kisha, kwa mashine ya BIOS, sudo grub-install /dev/sda, ili marekebisho yabaki. Ikiwa hakuna sehemu hata moja inayotoa faili za GRUB, basi sehemu ya Linux yenyewe ndiyo iliyofutwa, na hapo suala limehama kutoka kwa butiloda kwenda kwa uokoaji wa data. Kompyuta izimwe na isiandikwe kitu kipya hadi mtaalamu aiangalie.

Wakati kosa si la programu

Kwenye kompyuta ya umri mkubwa, vitu viwili vya bei nafuu huiga makosa ya butiloda. Cha kwanza ni betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye ubao mama, aina ya CR2032 yenye volti 3. Ikiisha, mipangilio yote hurudi ilivyotoka kiwandani kila stima inapopotea. Kompyuta iliyowekwa kuwaka kwa UEFI hurudi kwenye BIOS yenyewe, na mfumo uliowaka jana haupatikani leo. Dalili ni tarehe: mashine ikidai kuwa mwaka ni 2009 au 2012, betri ibadilishwe kabla ya kusakinisha chochote.

Cha pili ni flashi yenyewe. Faili ya mfumo ikipakuliwa kwa mtandao unaokatikakatika, inaweza kukosa vipande bila kuonyesha dalili. Kila mradi wa Linux huchapisha namba ya uhakiki iitwayo SHA256 kando ya faili, na namba hiyo ikitofautiana na ya faili iliyopakuliwa, hakuna maana ya kuendelea.

Ghali ni diski inayokufa. Maneno "Input/output error" yakionekana wakati wa kuandika butiloda, au diski ikitoa mlio wa kugongagonga, kazi ya kusakinisha isimamishwe hapo hapo. Kila jaribio jipya linaichosha diski zaidi na kupunguza uwezekano wa kuokoa faili. Kwenye flashi ya Ubuntu au Mint, programu ya Disks huonyesha hali ya diski chini ya jina SMART, na ikiandika kwamba inakaribia kushindwa, iaminiwe.

Kwa anayeamua kumpelekea fundi, apeleke chaja, picha ya ujumbe wa kosa na jina la mfumo aliokuwa akisakinisha, na amwambie waziwazi kama faili zimenakiliwa au la. Fundi naye anafungwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 pale anaposhughulikia taarifa za watu, kwa hiyo si utovu wa adabu kumuuliza nakala alizotoa atazifuta lini. Diski ya zamani iliyobadilishwa irudishwe kwa mwenyewe. Isiachwe dukani.

Na pale mashine inapothibitika kuwa imefika mwisho wake, isitupwe kwenye jaa la taka la kawaida wala kuchomwa. Betri na bodi zake zina risasi na kemikali nyingine zinazoingia udongoni na kwenye maji. Viko vituo vinavyopokea taka za kielektroniki nchini, kikiwemo WEEE Centre cha Nairobi, na diski ing'olewe kabla ya mashine kukabidhiwa.